Jiwe Jeusi la Walikale na Kioo Kinachopitisha Umeme

Jumapili moja, baada ya Misa, mzee mmoja alitukuta mbele ya nyumba ya mafundisho. Mkononi alikuwa na kopo dogo, na ndani ya kopo mlikuwa na mchanga mweusi, mzito ajabu. Akasema: “Mwalimu, mchanga huu baba yangu aliuchimba wakati wa Wabelgiji. Mimi nami niliuchimba. Sasa wanangu wauchimba. Tumekuwa vizazi vitatu, wala hakuna hata mmoja wetu aliyeambiwa kwamba huko uendako hufanywa nini. Wewe uliyesoma, hebu utuambie.”

Tuliona haya, kwani hatukuwa na jibu jema. Tulijua jina lake, kasiteriti. Tulijua kwamba ndani yake mna bati. Zaidi ya hayo tulikuwa na maneno ya sokoni tu. Wengine husema kwamba ni kitu cha kutengenezea mabomu. Wengine husema vioo vya simu. Wengine hudhani kwamba Wazungu hutoa dhahabu iliyofichwa ndani yake. Basi tukatafuta vitabu, tukawauliza wenye elimu ya madini, na leo tunamletea mzee yule, pamoja nanyi wasomaji wapenzi, habari tulizozipata. Twaziandika polepole, ili hata asiyesoma elimu ya vitu aelewe.

JIWE LENYEWE

Kasiteriti si bati tupu. Ni bati lililoungana na oksijeni, yaani ile hewa tunayoivuta ili tuishi. Ninyi nyote mmeona kutu ya chuma: ni chuma kilichoungana na oksijeni. Twaweza kusema kwamba kasiteriti ni kama kutu ya bati; ila kutu ya chuma ni laini na hubomoka, na kasiteriti ni ngumu kuliko bati lenyewe, haiozi, wala maji ya mito hayaiyeyushi hata ikikaa humo miaka elfu nyingi. Ndiyo sababu yaonekana katika mchanga wa vijito, mbali na mwamba ilikotoka. Wenye elimu huiita oksidi ya bati. Kila chembe moja ya bati imeshikwa na chembe mbili za oksijeni. Katika kilo 100 za kasiteriti safi mna bati karibu kilo 79. Kilo 21 zinazobaki ni oksijeni.

Uzito wake ndio alama ya kwanza. Chombo kilichojaa maji ya kilo 1, kama kingejazwa jiwe jeupe la mtoni pasipo nafasi yoyote, kingekuwa na kilo 2 na nusu na kitu. Kama kingejazwa kasiteriti tupu, kingekuwa na kilo karibu 7. Kwa hiyo mchimbaji hutikisa mchanga katika karai na maji: ulio mwepesi huondoka, ulio mzito hubaki chini. Kisha hupitisha sumaku ili chuma kitoke. Wapimaji wana na njia nyingine: huweka punje juu ya kipande cha zinki, humwagia tone la asidi kali, na baada ya dakika chache punje iliyokuwa nyeusi huvaa ngozi ya rangi ya fedha. Ngozi hiyo ni bati. Punje isiyovaa kitu si kasiteriti. Lakini asidi hiyo huchoma mwili na macho. Si kitu cha kuchezewa na watoto.

Na hapa tuondoe kosa moja. Mabati tunayoezekea nyumba, ambayo wengi wetu huyaita manjanja, si bati. Ni chuma kilichopakwa zinki. Bati la kweli ni laini na jeupe, huyeyuka kwa moto wa digrii 232 tu, nalo hupakwa ndani ya makopo ya samaki na maziwa ili chuma kisiharibu chakula.

BATI LA KIVU KATIKA WAKATI WA WABELGIJI

Katika nchi yetu kazi ya bati ilianza kwa nguvu kati ya vita viwili vikubwa vya dunia. Mwaka 1923 ilianzishwa kampuni iliyoitwa Minière des Grands Lacs. Mwaka 1928 likaundwa Comité National du Kivu, nalo likapewa mamlaka juu ya mashamba na madini mengi ya Kivu. Mwaka 1932 ikaja Symétain katika Maniema, upande wa Kalima na Punia. Mbali zaidi kusini, huko Manono katika Katanga, kampuni ya Géomines ilijenga hata tanuru ya kuyeyushia bati papo hapo. Lakini huku kwetu watu walichimba, wakaosha, wakajaza mifuko, basi. Mchanga ulikwenda zake.

Ikaja vita ya pili. Mwezi wa Februari 1942 Wajapani waliteka Singapore, na Malaya yote ikawa mikononi mwao. Malaya ilikuwa nchi ya kwanza kwa bati duniani. Muda si mrefu wakateka na visiwa vya Waholanzi, vilivyokuwa na bati jingi vilevile. Uingereza na Marekani zikabaki na njaa ya bati, kwani pasipo bati hakuna kopo la chakula cha askari, wala risasi ya kuunganishia nyaya za redio, wala mashini nyingi haziwezi kuzunguka vizuri. Macho yakageukia Kongo na Bolivia.

Mwaka huo huo wa 1942 serikali ya Wabelgiji iliongeza siku za kazi ya lazima vijijini kutoka 60 kufikia 120 kwa mwaka. Watu wakapelekwa migodini, barabarani, na katika msitu kutafuta mpira wa porini. Wazee wa Masisi na Walikale wangali wakisimulia waliyosikia kwa baba zao juu ya miaka hiyo. Mwisho wake ulikuwa mchungu. Kuanzia Januari 1944 Wakumu wa Masisi na Lubutu waliinuka nyuma ya Bushiri Lungundu, mhubiri wa Kitawala. Serikali ikapeleka askari, na mwezi wa Mei maasi yakawa yamezimwa. Watu wengi walikufa. Mafundisho ya Kitawala si mafundisho yetu. Lakini uchungu uliowafanya watu wamfuate Bushiri ulikuwa uchungu wa kweli, wala Mkristo hafai kuukana.

Twasema habari hizi kwa sababu katika miaka ile ile ya vita, upande wa pili wa dunia, oksidi ya bati ilikuwa ikianza kazi mpya ambayo mchimbaji wa Kivu hangeweza kuiota.

KIOO CHA NDEGE

Ndege ikipanda juu sana hukuta baridi kali, na barafu hufunika kioo cha mbele hata rubani asione kitu. Utafanyaje? Ukiweka waya za moto juu ya kioo, waya zenyewe zitamzuia kuona. Yafaa kitu kinachopitisha umeme na kupata moto, lakini kisichoonekana.

Kitu cha namna hiyo kilikuwa kimejulikana tangu 1907. Mwaka huo Mjerumani mmoja, jina lake Karl Bädeker, alichukua utando mwembamba wa madini yaitwayo kadmiamu, akautia moto penye hewa. Madini yakaungana na oksijeni, utando ukawa mwangavu, na bado ukapitisha umeme. Watu wakashangaa, maana kwa kawaida vitu viko makundi mawili. Shaba na fedha hupitisha umeme, lakini huzuia mwanga. Kioo hupitisha mwanga, lakini huzuia umeme. Hapa kuna kitu kinachofanya yote mawili.

Watengenezaji wa vioo wa Marekani wakaona kwamba oksidi ya bati hufaa kuliko ile ya kadmiamu, kwa kuwa ni ngumu, haikwaruzwi upesi, wala haiharibiwi na mvua. Wakapuliza mvuke wa chumvi ya bati juu ya kioo chenye moto mwingi. Bati likashika oksijeni, likaganda juu ya kioo kama ngozi. Katika wakati wa vita ngozi hiyo ikawekwa juu ya vioo vya ndege. Umeme ukapita, kioo kikapata joto, barafu ikayeyuka, na rubani akaona njia yake. Hatusemi kwamba bati la Kivu ndilo lililopakwa kwenye vioo vile; hakuna awezaye kuifuata punje moja hivyo. Twasema kwamba ni kitu kile kile: bati moja, oksijeni mbili.

Mzee atauliza: “Mbona mchanga wangu ni mweusi, na ngozi hiyo haina rangi?” Weusi si wa oksidi ya bati. Ni uchafu wa chuma na vitu vingine vilivyoingia zamani, jiwe lilipoumbwa. Huko viwandani kasiteriti hutiwa tanuruni pamoja na makaa, makaa hunyang’anya oksijeni, na bati hubaki peke yake. Husafishwa tena na tena. Kisha kwa kazi hii hurudishiwa oksijeni. Ni kama kumvua mtu nguo, kumwogesha, na kumvika tena nguo ile ile ikiwa imefuliwa. Oksidi safi ni unga mweupe, na ikitandazwa kwa wembamba haionekani kabisa.

KWA NINI MWANGA HUPITA NA UMEME HUPITA

Sasa tuingie katika siri yenyewe. Msomaji asiogope, tutakwenda taratibu.

Ndani ya kila kitu mna chembe ndogo mno ziitwazo elektroni. Umeme si kitu kingine ila mwendo wa elektroni. Katika shaba elektroni nyingi ziko huru, zatembea kama watu sokoni. Kwa hiyo shaba hupitisha umeme upesi. Lakini kwa kuwa ziko huru na ni nyingi mno, mwanga ukija huzikuta, hupigwa na kurudishwa. Ndiyo maana huoni kitu nyuma ya sahani ya shaba.

Katika oksidi ya bati elektroni zimefungwa na oksijeni, kama watu walio chini ya korongo lenye kingo ndefu. Atakaye kuzitoa lazima awe na nguvu ya kuzipandisha hata ukingoni. Wenye elimu wamepima urefu wa ukingo huo: ni karibu 3.6 kwa kipimo chao. Wamepima na nguvu ya mwanga. Mwanga mwekundu una karibu 1.8. Mwanga wa zambarau, wenye nguvu kuliko rangi zote tunazoziona, una karibu 3.1. Basi mwaona wenyewe: hakuna rangi hata moja inayofikia 3.6. Mwanga hauwezi kuzipandisha elektroni, na kwa hiyo haupotezi nguvu zake humo. Wapita tu, kama mpita njia asiyekuwa na shughuli katika kijiji hicho. Ndivyo kitu kinavyokuwa kiangavu.

Je, umeme nao? Ikiwa elektroni zote ziko korongoni, nani atatembea? Hapo ndipo ufundi. Watu huondoa oksijeni chache tu, na mahali pake huweka chembe za florini. Oksijeni hudai elektroni mbili. Florini hudai moja. Ya pili hubaki pasipo kazi. Haina mahali pa kulala korongoni, basi hutembea juu ukingoni. Wawekapo florini za kutosha, elektroni huru huwa za kutosha kupitisha umeme, lakini si nyingi kama za shaba hata ziuzuie mwanga. Wengine hutumia antimoni badala ya florini. Hiyo huingia mahali pa bati, nayo huleta elektroni moja zaidi.

Kitu cha namna hii, kisicho kama shaba wala kama kioo, ambacho mwanadamu aweza kukiongezea au kukipunguzia upitishaji wake kwa chembe chache, huitwa semikondakta. Silikoni ya ndani ya redio na simu ni semikondakta. Na jiwe la Walikale, likiisha kusafishwa, ni semikondakta vilevile.

KAZI ZAKE

Kazi ya kwanza tumeitaja: kioo chenye joto. Ya pili ni madirisha ya nchi za baridi. Ngozi ya oksidi ya bati yenye florini huruhusu mwanga wa jua kuingia, lakini joto litokalo katika vitu vya nyumbani hurudishwa ndani. Sisi wa milima ya Masisi, ambako usiku kuna baridi, twaelewa faida yake.

Ya tatu ni vyombo vya kunusa hewa mbaya. Mwaka 1962 Mjapani mmoja, Naoyoshi Taguchi, aliandikisha ubunifu wake wa chombo cha oksidi ya bati kilichotiwa moto. Penye hewa safi, oksijeni hushikamana na uso wa oksidi na kuziteka elektroni zake. Umeme hupita kwa shida. Ikitoka gesi ya kupikia, gesi hiyo huungana na oksijeni iliyokaa usoni na kuiondoa, elektroni hurudi, umeme hupita kwa wingi, kengele yalia. Nyumba nyingi zimeponea hapo.

Ya nne ni sahani za jua. Namna moja ya sahani hizo hutengenezwa juu ya kioo kilichopakwa oksidi ya bati: mwanga waingia kwa uso huo, na umeme watoka kwa uso huo huo.

Ya tano ni uso wa simu. Hapo msema kweli lazima aseme polepole. Ngozi inayotumika sana katika simu ni mchanganyiko wa oksidi mbili: kwa uzito, sehemu kama 9 ni oksidi ya indiamu, madini yapatikanayo pamoja na zinki, na sehemu 1 ni oksidi ya bati. Unene wake hufika kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimeta. Kidole chako chenye maji na chumvi kikigusa kioo, huvuta umeme kidogo mahali hapo, na simu hujua ulipogusa.

Na iko ya sita, iliyoanza kama ndoto. Transista ni kifaa cha kufungua na kufunga njia ya umeme. Hata redio zetu za zamani zilipata jina lake. Mwaka 1964 Waholanzi wawili, Klasens na Koelmans, waliandika habari za transista ya oksidi ya bati iliyowekwa juu ya kioo. Mwanzoni watu hawakuijali sana, kwani silikoni ilikuwa imeshika njia. Lakini mwaka 2004 Wajapani, Hideo Hosono na wenzake, walionyesha transista angavu, inayoweza hata kukunjwa, ya oksidi ya indiamu, galiamu na zinki pamoja. Na mwaka huo huo huko Oregon, Marekani, wengine walitengeneza transista angavu za oksidi ya bati. Siri yao ni hii: chembe za bati na indiamu huziruhusu elektroni zao kuenea kwa duara kubwa, hata duara hizo hugusana ijapokuwa chembe zimepangwa ovyo ovyo. Silikoni ikipangwa ovyo huwa mvivu. Oksidi hizi haziwi hivyo. Tangu 2012 nyuso za televisheni na simu zenye transista za oksidi ile ya Wajapani zilianza kutengenezwa kwa wingi.

NDUGU YAKE WA MASISI

Watu wa Rubaya watasema: “Mbona mwasema Walikale tu? Kwetu je?” Haki yao. Kasiteriti iko Masisi pia, lakini milima ya Rubaya imejulikana zaidi kwa koltani, ambamo mna madini ya tantali. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba Rubaya peke yake ilitoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima.

Tantali nayo hupewa kazi yake kwa njia ya oksidi, lakini tabia ni kinyume. Oksidi ya bati yaweza kufundishwa kupitisha umeme. Oksidi ya tantali hupendwa kwa sababu inaukataa. Mafundi huitumia kama ukuta mwembamba mno kati ya pande mbili, ili umeme ukusanyike usivuke. Chombo hicho huitwa kondensata, nacho hukaa ndani ya simu kama mtungi wa akiba. Basi angalieni: wilaya mbili jirani, mawe mawili meusi. Moja hufungua mlango na la pili huufunga, na chombo kimoja hutumia yote mawili.

KUTOKA 1985 HADI SIKU ZETU

Mwaka 1976 makampuni ya madini ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa moja, Sominki. Haikupata muda mrefu wa raha. Mwezi wa Oktoba 1985 Baraza la Bati la dunia, lililokuwa likinunua bati ili bei isishuke, liliishiwa na fedha. Bei ikaanguka chini ya nusu. Sominki ikadhoofika, na katika miaka ya 1990 ikafa. Wafanyakazi wakabaki na mashimo, wakaanza kuchimba kila mtu kwa mkono wake.

Kisha, karibu mwaka 2002, ikaonekana Bisie, katika msitu wa Walikale. Watu wakamiminika maelfu. Barabara haikuwako. Vijana walibeba mifuko ya kilo 50 kwa mwendo wa siku mbili hata Njingala, katika matope na giza la msitu. Kutoka pale mzigo ulipelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami yenyewe na kuupeleka kwenye kontwari za Goma. Wenye bunduki walikaa njiani wakidai ushuru, na wenye bunduki wengine wakataka mahali pao. Damu imemwagika kwa ajili ya njia ile.

Mwezi wa Julai 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuyataka makampuni yake yaeleze kama madini yao yatoka Kongo na nchi jirani. Mwezi wa Septemba mwaka huo Rais Kabila alisimamisha uchimbaji wote katika Kivu mbili na Maniema, hata Machi 2011. Nia ilikuwa kuwanyima wenye silaha mali. Lakini mchimbaji mnyonge ndiye aliyefunga mkanda kwanza. Baadaye kampuni ya Alphamin ilijenga mgodi wa mashini Bisie, ukaanza kazi ya biashara mwaka 2019. Mwaka 2024 mgodi huo ulitoa bati tani 17,324, karibu asilimia 6 ya bati la migodi yote ya dunia. Wenye elimu husema kwamba mwamba wa Bisie ni mmoja wa ile iliyonona bati kuliko yote. Na bado hutoka ukiwa mchanga uliosafishwa. Tanuru liko nchi za mbali.

Vita nayo haikuacha. Mwishoni mwa Aprili 2024 M23 iliteka Rubaya. Machi 2025 ikasogea na kuingia Walikale penyewe. Mgodi wa Bisie ukasimamishwa, na mwezi wa Aprili, askari hao walipoondoka mjini, kazi ikaanza tena. Waliokimbia na vyungu kichwani hawahitaji kuambiwa na gazeti maana ya tarehe hizo.

JIBU LA MZEE

Tulirudi kwa mzee na kumweleza haya, kama tulivyowaeleza ninyi. Tulimwambia vilevile ukweli usiopendeza masikioni: sehemu kubwa ya bati la dunia, karibu nusu, haiendi katika vioo. Huenda katika risasi ya kuunganishia, ile nyeupe iyeyukayo upesi, ambayo hushikamanisha kila waya na kila kipande cha redio, simu na sahani ya jua. Ngozi angavu hutumia bati kidogo sana. Kwa hiyo anayemwambia mchimbaji kwamba jiwe lake lote ni kioo cha simu anamdanganya. Na anayemwambia kwamba ni mchanga tu anamdanganya zaidi.

Mzee akanyamaza kitambo. Akauliza: “Basi kwa nini wanunuzi hawakutuambia?” Tulimjibu kwamba mnunuzi hutangaza bei, si elimu. Kisha tukachukua kipande cha chaki, tukampigia hesabu. Kasiteriti safi kabisa ina bati 79 katika 100. Haiwezi kuzidi hapo. Mfuko wako wa kilo 50, ukiwa na bati asilimia 60, una kilo 30 za bati. Ukiwa na asilimia 40, una kilo 20. Mifuko miwili yenye uzito mmoja, na mali yake si moja. Anayejua kuosha vizuri, kupitisha sumaku, na kuuliza asilimia kabla ya kuuza, hasimami mbele ya mizani kama kipofu.

Mzee akaita mjukuu wake, mvulana wa darasa la sita, akamwambia aandike zile hesabu. Sasa kila Jumamosi vijana kadhaa huja baada ya mafundisho, na tunafanya asilimia kwa mawe badala ya machungwa. Hatuwezi kuwaondolea vita, wala kuleta tanuru Walikale. Lakini baba wa mvulana huyo alikwenda kuuza mwezi uliopita akiwa na daftari mfukoni, na aliporudi alitwambia kwamba, kwa mara ya kwanza, yeye ndiye aliyeuliza swali na mnunuzi ndiye aliyetafuta jibu. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Bati letu limekwisha kwenda miaka mingi bila habari. Tuanze kuandika.